Fosforasi Haielewani na Chuma

Naapa. Chukua mkono wangu uuweke juu ya kitabu chochote kitakatifu ulicho nacho nyumbani, na kama huna, uuweke juu ya kichwa cha mtoto unayempenda kuliko wote: haya ninayosimulia ni kweli tupu, mwanzo hadi mwisho, bila chumvi hata ya kuonjea. Najua sifa yangu mtaani. Najua nikishapita wanaambiana, "Mzee huyo akikwambia kumekucha, toka nje uhakikishe." Waache waseme. Nimestaafu. Sina bosi wa kunifukuza wala mke wa kuninunia. Nidanganye ili nipate nini?

Kazi yangu ilikuwa baridi. Nimetengeneza friji za majumbani, majokofu ya hoteli, mashine za barafu, na safari moja friji iliyokuwa ndani ya ndege, na ndege yenyewe ikiwa angani, lakini hiyo itafika zamu yake. Hakuna aliyenikalisha darasani kunifundisha. Nilianza kwa kusoma maandishi ya kwenye maboksi ya kompresa, ile pampu inayosukuma gesi ya friji, kisha binti yangu alipoingia sekondari nikawa nasoma vitabu vya kemia alivyoviacha mezani. Yeye akatoka na alama za kawaida. Mimi nikatoka na ugonjwa wa kueleza watu kemia ambayo hawajaniuliza.

Wewe pia hujaniuliza, lakini vumilia kidogo, maana bila huyu bwana Fosforasi hakuna kisa.

Fosforasi akiwa peke yake, yule mweupe, ana hasira za karibu: hewa ikimgusa tu anashika moto. Lakini mwoze kwa metali, anatulia. Sasa tabia yake baada ya hapo inategemea ameoa wapi. Akimwoa zinki, anakuwa unga mweusi mweusi wa kuulia panya. Unga ukifika tumboni ukakutana na tindikali, unatoa gesi ya sumu yenye harufu kama ya kitunguu saumu. Nilimjua panya mmoja aliyeula, akalisikia tumbo, akatoka mwenyewe hadi duka la dawa na kupanga foleni. Akimwoa alumini, anakuwa vidonge vya kufukizia maghala ya nafaka, na hivyo havitaki mzaha. Unyevu wa hewani tu unatosha kuviamsha, ndiyo maana ghala likifukizwa linafungwa na watu wanakaa mbali. Akimwoa kalisi, mtupe majini uone: gesi inatoka kwenye maji na kuwaka yenyewe.

Ila ndoa yake nzuri kuliko zote ni ya shaba. Tia fosforasi kidogo ndani ya shaba, unapata waya wa kuchomelea ambao unayeyuka mapema, kabla bomba lenyewe la shaba halijayeyuka. Na kwenye joto lile, fosforasi anaing'ang'ania kutu ya shaba na kuiondoa, bomba linabaki safi, waya unatiririka na kuingia kwenye kiungo kama mafuta kwenye utambi. Huhitaji poda wala dawa. Fundi wa friji asiyeupenda waya wa fosforasi ana matatizo nyumbani kwake.

Kwa chuma, mambo ni mengine kabisa. Uso kwa uso wanachekeana. Waya unashika, unang'aa, ukitazama unasema hapa nimemaliza. Kumbe katikati yao, pale fosforasi alipogusana na chuma, pameota utando mwembamba usioonekana, mgumu kama sahani na unaovunjika kama sahani. Mashine ikiwa imelala, kiungo kinakaa. Mashine ikianza kutetemeka, hesabu imeanza. Ndiyo maana kwenye chuma tunatumia waya wenye fedha, na poda yake. Kila fundi anajua hilo. Hata mimi nalijua.

Basi, mke wangu alifariki mwaka jana.

Nimeliandika hivyo kwa sababu ndivyo lilivyokuja, katikati ya mambo mengine. Watu walifika, wakalia, wakala, wakaondoka na viti vyao. Mimi sikulia. Walinitazama wakasema mzee ana moyo mgumu. Hapana. Umewahi kulalia mkono hadi ukafa ganzi? Unaamka, unauona mkono, unajua ni wako, unaunyanyua kwa ule mwingine, ukiuachia unaanguka kitandani kama wa mtu mwingine. Nilikuwa hivyo mwili mzima. Vidole navyo, daktari alisema ni sukari, vilikuwa havisikii moto wala baridi. Kuhusu sehemu nyingine daktari hakusema kitu, nami sikumuuliza.

Lakini kilichonitatiza zaidi ni hadithi zangu. Marehemu alikuwa hakimu wa hadithi hizo. Nikianza kusimulia, anaweka chini alichoshika, anakunja mikono, na kunihoji kipengele kwa kipengele hadi nikwame, halafu anacheka mpaka anajifuta macho kwa kanga. Baada ya msiba hakuna aliyenihoji tena. Nikisema nimeona mbuzi akivuka barabara kwa kungoja taa, jirani ananishika bega: "Pole, mzee." Nikisema friji ya kwanza niliyotengeneza iligandisha mtaa mzima, shangazi yake marehemu anatikisa kichwa: "Sawa, mkwe. Umekula lakini?" Unarusha jiwe kisimani na husikii likigusa maji.

Binti yangu ndiye aliyerithi karakana. Mtaani wanamwita Bosi, kwa dhihaka walipoanza, kisha wakasahau kuwa ilikuwa dhihaka. Kila asubuhi alinipitia nyumbani, akanipakia kwenye gari lake la mizigo pamoja na mitungi ya gesi, ili nisishinde natazama ukuta. Kazini nilikalia sanduku la vifaa. Nikinyoosha mkono kuchukua spana, anasema, "Kaa, baba, usijichoshe." Kwa sauti ile wanayotumia manesi.

Ndipo ikaja kazi ya bucha.

Mwenye bucha ni pande la mtu, mabega kama mlango wa ghala, na Mungu alipomaliza kuumba mwili ule akampa sauti nyembamba ya msichana wa kwaya. Ana maduka sehemu mbalimbali, na kila duka lina chumba cha baridi. Kompresa ya duka lake kubwa ilikuwa imekufa.

"Mafundi wamenila sana," alimwambia binti yangu, akimpima kwa macho toka kofia hadi viatu. "Na fundi mwenyewe yuko wapi?"

"Ndiye unayezungumza naye."

"Huyu mzee je?"

"Huyu ni baba yangu. Anakaa."

Mwenye bucha akafikiri, akisugua kisu kwenye aproni. "Sawa. Nakupa hii moja. Mashine ikifika mwisho wa mwezi bila kunipigia kelele, nakupa maduka yangu yote, utengeneze wewe tu. Ikinisumbua, hatujuani."

Binti yangu aliitikia kwa utulivu, lakini mimi niliyembeba mgongoni nilimwona anavyobana midomo. Maduka yote! Amekuwa akitengeneza friji za vyumbani na za vioski, na kila anapobisha hodi kwa mteja mkubwa anaulizwa fundi mwenyewe yuko wapi. Kazi hii ingelifunga hilo swali. Nililielewa hilo kabisa. Nililielewa kama unavyolielewa tangazo la hali ya hewa la mji mwingine.

Tukafunga kompresa mpya. Binti yangu aliunga mabomba yote ya shaba kwa shaba, kwa waya wa fosforasi, na viungo vyake ni vizuri, nasema hivyo na mimi si mtu wa kusifu. Kikabaki kiungo kimoja: lile bomba nene linalorudisha gesi, pale linapoingia kwenye mdomo wa kompresa. Akafungua boksi la waya wa fedha. Tupu.

"Naenda dukani mara moja," alisema. "Baba, hicho usikiguse. Nakiunga mimi nikirudi."

"Nikiguse kwa nini?"

"Nakujua."

Akaondoka. Na hapa sasa ndipo ndege inapoingia.

Miaka ile ya nguvu zangu niliitwa uwanja wa ndege, rubani akilalamika kuwa friji ya abiria haigandishi. Nikaingia na tochi yangu ya gesi, nikainama kazini, kuinua kichwa tumeshapaa. Hakuna aliyenipa taarifa. Nifanye nini? Nikamaliza kazi huko huko juu, wingu likipita dirishani, abiria wakapata soda baridi na kunipigia makofi. Rubani akaacha usukani, akaja mwenyewe kunishukuru, akanipa waya wa fedha safi, unaometa kama meno ya bibi harusi. Akaniambia, "Fundi, huu uutumie siku ya shida." Toka siku hiyo waya ule haukutoka katika mfuko wangu wa shati.

Basi nilikalia sanduku, nikatazama kile kiungo, nikasema moyoni, siku ya shida ndiyo hii. Nikautoa waya wa rubani. Nikawasha tochi. Vidole havikuusikia moto, lakini macho yalifanya kazi yao: bomba likawa jekundu, waya ukayeyuka, ukazunguka mdomo wote bila kuacha tundu. Nimeunga viungo vingi maishani, na kile kilikuwa kizuri. Nilikitazama nikisubiri nifurahi. Nikasubiri kidogo tena. Nikazima tochi.

Binti yangu akarudi, waya wa fedha mkononi, akasimama mlangoni.

"Baba. Nilikwambia nini?"

"Nimekusaidia."

"Umetumia nini?"

"Fedha."

"Fedha imetoka wapi? Boksi lilikuwa tupu."

Nikamsimulia: uwanja wa ndege, mawingu, makofi, rubani. Nilisimulia vizuri, hata abiria mmoja nikamwongezea mtoto mchanga. Nikamaliza. Nilikuwa namngoja aniulize. Chochote. Mtungi wangu wa gesi uliruhusiwaje kuingia ndani ya ndege, kwa mfano. Mimi mwenyewe nilikuwa na jibu tayari.

Alinitazama usoni, nadhani aliona kilichopo pale, yaani hakuna kitu. Akakitazama kiungo. Akatazama waya aliotoka kuununua, akauweka kwenye boksi taratibu.

"Sawa, baba," alisema.

Akajaza gesi ya kupima, ikakaa. Akawasha mashine, chumba kikaanza kushuka joto. Mwenye bucha akaingiza nyama zake, akafurahi, akatuimbia shukrani kwa ile sauti yake.

Mashine haikufika mwisho wa mwezi.

Simu ililia tukiwa karakana asubuhi. Hata bila spika nilimsikia mwenye bucha: "Inapuliza! Mashine yako inapuliza kama nyoka! Nyama zangu, we fundi! Nyama zangu!" Tulipofika, nyoka alikuwa ameshamaliza kupuliza. Gesi yote imetoka. Chumba kilikuwa bado na ubaridi wa uongo uongo, na mapaja ya ng'ombe yamening'inia kwenye ndoano, yakianza kutoa jasho. Wateja walikuwa wamejipanga nje ya kaunta, na hakuna aliyeondoka. Bucha ikiwa na tamthilia, nani anaondoka?

Binti yangu akapiga magoti nyuma ya mashine na kurunzi yake. Bomba nene lilikuwa limekatika palepale kwenye mdomo wa kompresa. Halikupasuka, halikupinda. Limekatika tu, duara safi.

"Fedha haikatiki hivi," alisema, akijisemea mwenyewe. Akashika miguu ya kompresa, akaitikisa, akagusa ile mipira ya chini. Kisha akasimama, akavua kofia. "Ni mimi," alimwambia mwenye bucha. "Nadhani sikukaza miguu vizuri. Mashine imetetemeka kuliko inavyotakiwa, ikakata bomba. Kosa ni langu."

"Niliambiwa," mwenye bucha alisema. "Watu waliniambia. Nikasema hapana, nimpe nafasi."

"Naomba nirekebishe."

"Rekebisha, ndiyo. Halafu tuliyosema kuhusu maduka, tuyasahau."

Mmoja wa wateja akaguna. Binti yangu alikuwa ameishika kofia kwa mikono miwili, mbele ya tumbo, kama alivyokuwa akishika begi la shule alipoletwa nyumbani amefukuzwa darasani.

Nilimwona vizuri sana. Ningependa kukwambia kuwa moyo uliniuma, na mtu mwingine angekuandikia hivyo. Haukuuma. Ilikuwa kama televisheni iliyozimwa sauti. Lakini mdomo wangu ni kiungo kinachofanya kazi hata vingine vikilala, na mdomo ukafunguka.

"Si miguu," nilisema. "Ni shoka."

Wote wakageuka.

"Shoka gani?" aliuliza mwenye bucha.

"Lako. Bwana, wewe una nguvu zisizo za kawaida. Unapopasua mfupa pale kwenye gogo, mtikisiko unaingia sakafuni, unapita chini ya ukuta, unapanda kwenye mashine. Nilishaona bucha moja, mwenyewe alikuwa na mkono kama wako. Akipiga shoka, saa ya ukutani inarudi nyuma. Mpaka mkewe akawa anapika chakula cha mchana kabla ya chai."

Wateja wakaangua kicheko. Mwenye bucha hakucheka.

"Mzee. Unaniambia mimi ndiye niliyevunja mashine yangu?"

"Sisemi kwa ubaya. Ni nguvu tu. Ni za kusifiwa."

"Baba," binti yangu alisema kwa sauti ya chini, "acha."

"Hapana, asiache!" Mwenye bucha tayari alikuwa anavuta glasi kutoka kwenye kabati. Akaijaza maji hadi ukingoni, akapita kwa mwendo wa mtu aliyebeba yai, akaiweka juu ya kompresa. "Nyinyi wote mashahidi. Fundi, kaa hapo, tazama maji."

Akakunja mikono ya shati. Akaweka mfupa wa paja juu ya gogo, akanyanyua shoka hadi likagusa taa, akalishusha. Mfupa ukapasuka pande mbili. Mama mmoja mbele ya kaunta alifumba macho.

"Maji?" aliuliza mwenye bucha.

"Hayajatikisika," alisema binti yangu.

Akapiga tena. Vipande vya mfupa vikaruka hadi kwenye mizani.

"Sasa?"

"Hata wimbi."

"Labda leo mkono umechoka," nilisema.

"Mzee, nitakupasua wewe!"

Lakini binti yangu alikuwa haangalii glasi tena. Alikuwa amelikodolea macho bomba lililokatika. Najua jinsi kichwa chake kinavyokwenda, mimi ndiye niliyekitengeneza: kama maji juu ya mashine hayatikisiki kwa shoka lile, basi miguu aliyoikaza mwenyewe ilikuwa imekazwa, na mashine haikuwa na mtetemo wa kukata bomba. Basi kilichokatika kilikuwa kimeshaoza tangu kilipozaliwa. Alichukua kisu kwenye kaunta, akakwangua ukingo wa kiungo. Akausogeza kwenye mwanga. Waya wa fedha ukikwanguliwa huwa mweupe, una unjano kidogo. Huu ulikuwa na wekundu.

Akaenda ukutani, mahali mwenye bucha anapobandika visu vyake kwenye ubao wa sumaku, akaondoa visu kimoja kimoja, akaung'oa ubao pamoja na misumari yake.

"Ukuta wangu!" mwenye bucha alilia.

Akarudi nao nyuma ya mashine, akausogeza kwenye mdomo wa kompresa, ule mdomo mwekundu unaong'aa kama shaba. Ta! Ukanasa. Akauvuta, haukutoka.

Shaba haishikwi na sumaku. Kinachoshikwa na sumaku ni chuma. Viwanda vingine hufanya hivyo, mdomo wa kompresa ni chuma kilichovikwa koti jembamba la shaba, na fundi makini hukikwangua kwa tupa kabla ya kuchagua waya. Yeye alikuwa amekikwangua. Ndiyo maana alikwenda dukani; sumaku ilikuwa ya kuwaonyesha wengine.

"Baba," alisema, bado amechuchumaa, mgongo ukinielekea. "Waya wa rubani ulikuwa na rangi gani?"

"Mweupe. Unaometa."

"Wenye unene gani?"

"Wa kawaida."

"Wa mviringo au bapa?"

Nikafikiri. "Bapa."

"Wa fosforasi uliokuwa kwenye boksi langu ndio bapa. Nilipoondoka ulikuwa umebaki mzima mmoja. Niliporudi umebaki kipande. Nilikiona, baba. Nilikiona siku ile ile na sikutaka kukuuliza." Akasimama. "Na huyo rubani, alikupa waya wa kuchomelea wa nini? Rubani anachomelea nini angani, mawingu?"

Wateja walikuwa wameegemea kaunta kama wako mpirani.

"Alikuwa na..."

"Alikuwa na nini? Umewahi kupanda ndege, baba?"

Mwenye bucha alikuwa ameshika shoka na kunitolea macho.

"Hapana," nilisema.

"Umetumia nini?"

"Fosforasi."

"Kwenye chuma!"

"Niliona wekundu. Tupa ilikuwa palepale karibu, sikunyoosha mkono." Ndivyo ilivyokuwa. Sina maelezo mazuri kuliko hayo. Sikujisahau, wala sikupitiwa. Mkono tu haukunyooka, na mimi sikuusukuma.

"Mwongo!" alipiga kelele binti yangu. "Mwongo mkubwa wewe! Mimi nasimama hapa navua kofia mbele za watu, najitukana mwenyewe, na wewe unaniletea shoka! Unaniletea saa zinazorudi nyuma! Ningepoteza maduka yote kwa sababu yako na ungekaa pale juu ya sanduku unanitazama!"

Ni kweli, ningekaa. Nilitikisa kichwa kukubali, na hilo likamwudhi zaidi. Akanijia, akatia mkono mfukoni mwangu, akachukua kile kiwashio cha cheche ninachowashia tochi, nilichokuwa nacho kabla yeye hajazaliwa, akakitia mfukoni mwake.

"Hutashika moto tena kwenye kazi yangu. Basi."

"Sawa," nilisema.

"Usiniambie sawa!"

Mwenye bucha akakohoa. Sauti yake ilikuwa imeshuka, karibu ifanane na mwili wake. "Fundi. Kwa hiyo miguu uliikaza?"

"Niliikaza."

"Na mdomo ulijua ni chuma."

"Nilijua. Nilimwambia asiguse."

Akaweka shoka chini. Alikuwa mtu wa biashara, na nadhani alikuwa anapima kipi kinamgharimu zaidi: fundi mwenye baba kama huyu, au fundi asiyejua kukwangua. "Tengeneza leo," alisema mwishowe. "Mwezi unaanza upya leo. Maneno yetu ni yale yale. Ila huyu mzee..."

"Nimeshamaliza naye hilo."

"Na nyama zangu? Zitaoza wakati unatengeneza. Muuza samaki wa ng'ambo ana nafasi kwenye jokofu lake, lakini vijana wangu wa kubeba hawaji leo."

"Atabeba yeye," binti yangu alisema, akinionyesha kwa kisu.

Mwenye bucha akanitazama toka kichwani hadi miguuni. "Huyu? Si atavunjika?"

"Hatavunjika. Ni mwongo, si mgonjwa."

Wakanivalisha koti jeupe la kazi lenye madoa, linalonifika magotini, na kofia ya plastiki. Mwenye bucha mwenyewe akateremsha paja la kwanza kutoka kwenye ndoano na kulilaza begani kwangu. Magoti yalikunjika kidogo, yakasimama. Ubaridi wa nyama ulipita kwenye koti, ukafika begani, na bega lenyewe halikuwa na habari nyingi siku hizi, kwa hiyo sikuweza kujua ubaridi ni wa nani kati yetu. Wateja walinipisha. Mama aliyekuwa amefumba macho akasema, "Taratibu, babu mwongo," bila ubaya.

Nikavuka barabara. Gari dogo lilisimama, dereva akachungulia kuona kinachopita ni mtu au ng'ombe. Muuza samaki alikuwa mlangoni kwake, mikono kiunoni, amesikia kelele zote lakini hakupata maneno.

"Kumetokea nini huko, mzee wangu?"

Nikafungua mdomo. Nilikuwa na fahali tayari, fahali aliyekataa kufa, aliyefufuka ndani ya chumba cha baridi na kupiga mashine teke. Alikuwa fahali mzuri.

"Nakusikia!" binti yangu alipaza sauti kutoka ng'ambo, amejitokeza nusu mlangoni, miwani ya kuchomelea kwenye paji la uso. "Mwambie ukweli!"

"Nimeunga chuma kwa fosforasi," nilimwambia muuza samaki.

Hakuelewa hata neno. Alinitazama, koti lenye madoa, kofia ya plastiki, damu ikinidondokea kiatuni, akanishika mkono kwa huruma. "Pole sana, mzee."

"Acha pole," nilisema. "Shika upande huo, tunyanyue."

Tukalining'iniza kwenye ndoano yake, katikati ya masanduku ya samaki. Nilipotoka nje, ng'ambo kule tochi ilikuwa imeshawaka, niliisikia ikivuma. Bega lilianza kuuma, si sana. Mwenye bucha alikuwa amesimama mlangoni na paja la pili mikononi, akiniita kwa ile sauti ya kwaya nifanye haraka, na yalikuwa yamebaki mengi.